Maranda Tumboni

Mashine iliingizwa kwenye nyumba ya wanyama siku ya Jumatatu, ikibebwa na wanaume wawili waliokuwa wakihema, na kufika Jumatano Fundi Tumbo alikuwa ameshaichukia. Ungemwona siku hizo ungedhani ni mke mkubwa aliyeletewa mwenzake bila kuulizwa. Aliipita bila kuitazama, na akishaipita aligeuka kuitazama.

Haikuwa imemkosea lolote. Ilikaa tu juu ya meza ikinguruma taratibu, na mbele yake kulikuwa na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na ndani ya chupa panya mmoja mweupe alikuwa amekaa anajisafisha masharubu. Panya alikuwa hai. Hilo ndilo lililomuudhi Fundi.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amejipatia jina lake kwa kazi moja ambayo katika taasisi nzima hakuna aliyeiweza kama yeye. Ukitaka kujua chakula kinakaa muda gani katika tumbo la panya mwenye kisukari, unamlisha, unasubiri, unamuua, unalifunga tumbo kwa uzi huku na huku lisivuje, unalitoa, unaliweka kwenye mizani. Nusu saa, panya watano. Saa moja, watano wengine. Saa mbili, watano tena. Mkono wa Fundi ulikuwa mwepesi hata panya hakuwahi kushtuka. Wanafunzi waliokuja kujifunza walimkodolea macho mpaka wakasahau kuandika, naye alijifanya hawaoni.

Sasa alikuwa amekuja binti wa miaka ishirini na tisa, ametoka masomoni juzi tu, na njia yake mpya. Panya anapewa kipande cha kiini cha yai kilichochanganywa na kaboni nzito kidogo isiyomdhuru. Anatiwa kwenye chupa, mashine inavuta hewa anayoitoa. Yai likitoka tumboni, ile kaboni inaonekana kwenye pumzi. Baada ya saa nne panya anarudi kwake kama mgonjwa aliyeruhusiwa, na wiki ijayo anapewa dawa na kupimwa yeye yule yule. Watu wa usafi walishampa mtafiti huyo jina la Binti Pumzi, nalo lilimkaa vizuri.

"Shikamoo, Fundi," Binti Pumzi alimwita Jumatano ile. "Njoo umwone Namba Nane. Anapumua vizuri huyo, hana wasiwasi."

"Marahaba. Panya nimewaona."

Binti akacheka, akidhani ni utani. "Basi nisaidie jambo moja. Leo nataka kuwalaza njaa wote ishirini, kesho asubuhi matumbo yawe matupu. Nyinyi hapa mnafanyaje? Kuna kitu nisichokijua?"

Kitu kilikuwepo. Kilikuwa stoo, rafu ya juu kabisa, nyuma ya madumu ya sabuni, mahali Fundi alipokipandisha kwa mikono yake wiki iliyopita alipoambiwa aachie nafasi: sakafu ishirini za waya. Panya mwenye kisukari ana njaa isiyoisha. Mwondolee chakula umwache juu ya maranda ya mbao, atayatafuna maranda, na yakimchosha atakula choo chake mwenyewe. Asubuhi unadhani tumbo ni tupu, kumbe limeshindiliwa kama mto wa kulalia. Ndiyo maana siku ya kulazwa njaa panya hukalishwa juu ya waya. Jambo hili halikuandikwa mahali popote. Fundi alilijua kwa sababu alikuwa ameyafungua matumbo hayo akayakuta.

"Unaondoa chakula, unaacha maji," akasema. "Basi."

"Asante sana, Fundi. Bila wewe ningepotea."

Hakuwa amedanganya. Alijiambia hivyo akivua koti, akajiambia tena getini, na mpaka anafika kwake alikuwa amejiambia mara nyingi mno kwa mtu ambaye hakudanganya.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na chumba cha mbele kilikuwa chake: cherehani dirishani, marundo ya kaptura na sketi, bati la biskuti lililojaa vibiringo vya uzi. Fundi naye alichota uzi wake humo, wa kufungia matumbo. Alisema wa taasisi unakatika. Mke alikuwa na mwaka wa kumi na moja wa kisukari, na tangu mwaka jana tumbo lake lilikuwa limegoma. Tonge tatu tu na anajisikia kama ametoka kwenye karamu. Anajidunga insulini, chakula kinabaki palepale tumboni, sukari inashuka hadi vidole vinamtetemeka kwenye sindano ya cherehani. Halafu chakula kinaamka saa kinayotaka chenyewe, sukari inapanda hadi macho yanaingia ukungu. Kliniki, muuguzi alimwambia mbele ya benchi zima la wagonjwa: "Mama, wewe unakula ovyo halafu unakuja kutudanganya." Watu waligeuka. Aliporudi nyumbani alishona mpaka jioni bila kusema neno.

Leo alikuwa anaimba.

"Nimepata mgeni," akamwambia mumewe kabla hajaketi. "Yule binti wa kazini kwenu. Kaja nimfupishie koti."

"Amejuaje hapa?"

"Si walinzi wenu wamemwelekeza. Amekaa saa nzima. Ameniuliza nakula nini, saa ngapi, nikishiba nasikia wapi, nikitapika kinatoka cha lini. Cha lini! Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Kumbe ni ugonjwa, una jina lake. Sukari inaharibu mishipa inayolisukuma tumbo. Mimi nilishaanza kuamini kweli nakula ovyo." Akakata uzi kwa meno, akaendelea kuzungumza huku kipande kikiwa mdomoni. "Mwanangu yule ana moyo."

"Mwanao tangu lini?"

"Tangu leo mchana. Una neno?"

Fundi hakuwa na neno. Alikuwa na kitu kingine, na alikijua kwa jina: wivu. Siku tatu zilizopita ulikuwa wa kazini. Sasa ulikuwa umemfuata mpaka kwake, umekaa kwenye kiti chake.

"Nimemwambia," mke akaendelea, naye hakuwa anatania tena, "mume wangu amepasua matumbo miaka kumi na tisa, na hata siku moja hajaniuliza habari za langu."

"Ulimwambia hivyo? Mtu wa nje?"

"Nimesema uongo?"

Mke akashona mshono mmoja mrefu mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hospitali kuu itachukua watu wa kupimwa kwa mashine kama ile, kwa pumzi tu, bila kumezeshwa mpira, na wakishajua tumbo linachelewa kiasi gani watapanga dawa na sindano kwa saa zake. "Amesema jina langu litakuwa la kwanza. Ila mpaka kipimo kithibitike kwenye panya wenu."

"Na kisipothibitika?"

Mke alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nini kisithibitike? Si wewe uko pale?"

Wiki tatu zilizofuata majibu ya Binti Pumzi yalikuwa kama mlevi. Namba Nane leo tumbo linaenda upesi, kesho linasimama. Dawa ile ile inamfaa panya huyu na kumdhuru ndugu yake. Binti alibadilisha mipira ya kupitishia hewa, akabadilisha yai, akabadilisha saa, akawa anakuja na macho mekundu. Kila jioni ya kulaza njaa aliondoa chakula, akaacha maji, akawawekea maranda mapya, masafi, ili wasipate baridi. Fundi alipita na ndoo yake, akayaona maranda, akaenda zake. Alifurahi, tusimfichie. Halafu alifika nyumbani akamkuta mkewe akila kijiko cha uji kama anayekunywa dawa chungu, na furaha ikageuka kuwa kitu kingine ambacho hakutaka kukiangalia.

Ndipo Profesa, mkuu wa maabara, akamwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Fundi, mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Nikuambie ukweli, njia ya pumzi ikifaulu sioni nitakupa kazi gani. Lakini naona haifaulu." Akavua miwani. "Ijumaa tunamaliza ubishi. Yeye anapima pumzi za panya kumi, na saa ile ile wewe unawapasua na kupima matumbo. Mizani ikikubaliana na pumzi, njia yake inabaki. Ikikataa, mashine inarudishwa ilikotoka, na wewe unaendelea."

"Sawa, Profesa."

"Mizani haina upendeleo," Profesa akasema, akarudi kwenye makaratasi yake.

Ijumaa asubuhi Binti Pumzi alisimama kwenye mashine yake, Profesa kwenye mizani na kalamu, Fundi kwenye meza yake ya bati aliyoisugua mwenyewe tangu alfajiri. Mkono haukuwa umesahau. Panya wa kwanza alikwenda bila kujua. Uzi huku, uzi kule, tumbo likatoka likiwa zima kama kifuko.

Vidole vilijua kabla ya mizani. Kiini cha yai kikiwa tumboni ni laini, unakibonyeza kinabonyea. Hili lilikuwa gumu, na lilimkwaruza kidogo chini ya glavu. Maranda.

"Pumzi inasemaje?" Profesa akauliza.

"Yai zaidi ya nusu limeshatoka," binti akajibu.

Profesa akainama. "Mizani inasema tumbo limejaa pomoni."

Wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, wa nne. Pumzi ilisema kweli, yai lilikuwa limetoka. Mizani nayo ilisema kweli, tumbo lilikuwa limejaa. Mtu mmoja tu mle ndani alijua kwamba zote mbili zinasema kweli. Kwa panya wa saba Profesa aliacha kuuliza. Binti Pumzi alikuwa ameweka kiganja kwenye paji la uso.

"Haiwezekani," akasema. Kisha akamgeukia Fundi, na sauti yake ilikuwa ya mtoto anayemwomba mzazi. "Fundi, wewe ndiye unayeyashika. Kuna kitu unakiona?"

Ilikuwa mara ya pili anaulizwa, na kisu kilikuwa mkononi. Kulichana tumbo lile mbele yao kungechukua muda wa kupiga chafya.

"Mimi napima tu," akasema.

Profesa akafunga daftari, akampiga Fundi begani akipita. Hakuwahi kumpiga begani katika miaka yote kumi na tisa. Fundi akayatia matumbo kumi kwenye chupa za dawa ya kuhifadhi, akaandika namba kwa mwandiko wake mzuri, akanawa mikono mara mbili. Alikuwa ameshinda, na alitamani kukaa chini.

Habari ilimtangulia nyumbani. Mkewe hakuwa anashona.

"Amenipigia simu," akasema. "Analia. Eti ananiomba radhi mimi, kwamba alinipa matumaini kabla ya wakati. Nikamwambia, mwanangu, mume wangu atakuwa amefanya kila alichoweza."

Fundi akavua viatu polepole sana.

Asubuhi ya Jumamosi mkewe alitapika. Hilo halikuwa geni. Geni lilikuwa kwamba safari hii Fundi ndiye aliyeshika beseni, kwa kuwa kwa kawaida saa hizo huwa kazini au hujifanya amelala. Alitazama ndani kwa mazoea, kama anavyotazama kila kilichotoka tumboni. Akaona vipande vya karoti, vya mraba, pembe zake bado zimesimama vilevile kisu kilivyoviacha.

"Hizi karoti umekula lini?"

Mke alijifuta mdomo. "Juzi mchana."

"Juzi?"

"Fundi Tumbo," mke akamwita, kwa jina la kazini ambalo hakuwahi kulitumia ndani ya nyumba ile. "Unaniuliza leo?"

Akaketi sakafuni, beseni magotini. Alizifahamu karoti zile kuliko daktari yeyote. Angekuwa panya, angekuwa ameshaandika: saa arobaini na mbili, chakula hakijaguswa. Akasema bila kumtazama, "Mashine ya binti haina kosa. Ni maranda. Panya wanakula maranda wakilazwa njaa, lazima wakae kwenye waya. Yeye hakujua."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku alipokuja kufupisha koti."

Mke aliweka mkono mmoja tumboni. Fundi alingoja matusi, na angeyapokea kwa shukrani. Mke hakumpa. "Nipe hilo beseni," akasema, "nitalimwaga mwenyewe. Wewe nenda kwake kabla sijanyanyuka hapa, kwa sababu nikinyanyuka sijui nitafanya nini."

Alimkuta Binti Pumzi kwenye nyumba ya wanyama, anakunja nyaya na kuzipanga kwenye boksi. Hakumwamkia; pengine hakuwa na nguvu. Fundi hakuanza na maneno. Akaleta chupa, akalitoa tumbo la Namba Nane, akaliweka kwenye kisahani, akalichana kutoka uzi hadi uzi. Maranda yakafunguka, meupe, makavu katikati. La pili, maranda. La tatu.

Binti alitazama kisahani, kisha rundo la maranda masafi chini ya meza yake mwenyewe. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Ulijua lini?"

"Siku uliponiuliza."

"Na jana nilipokuuliza tena?"

"Nilijua pia."

"Panya kumi, Fundi. Wamekufa bure." Akalisukuma boksi la nyaya pembeni. "Nilikukosea nini?"

Njiani alikuwa ameandaa majibu: uzee, mkataba, kusahau. Yote yalikuwa na kichwa na miguu. "Wivu," akasema. "Nilikuonea wivu. Panya wako wanaishi. Watu wanakuja kukutazama wewe. Na mke wangu, miaka yote hii hajaniambia hata nusu ya aliyokuambia kwa saa moja."

"Ulimuuliza?"

Fundi akatazama kisahani.

"Sakafu za waya ziko wapi?" binti akauliza.

Zilikuwa juu, nyuma ya madumu. Fundi mwenye miaka hamsini na minne akapanda ngazi, magoti yakimlalamikia, akazishusha moja moja, naye Binti Pumzi akazipokea bila kumshikia ngazi. Zilipofika ishirini akasema: "Jumatatu nitamwambia Profesa nilikosea kuwalaza. Sitakutaja. Usidhani nimesamehe. Nakuhitaji tu, hakuna mwingine anayeyajua mambo haya." Akazibeba zote kwa pamoja, nzito kama zilivyokuwa, akakataa kusaidiwa.

Juu ya waya, pumzi na mizani zilikubaliana mara ya kwanza, na mara ya pili, na mashine ikabaki. Fundi aliongezewa miezi sita, kazi yake kulaza panya njaa na kuosha sakafu. Visu vyake vilifungwa kwenye droo. Wanafunzi waliendelea kuja, wakasimama upande wa chupa ya kioo, na yeye alipita nyuma yao na ndoo akiomba njia. Kila alipoomba njia, wivu ulimchoma palepale pa zamani. Haukuwa umekwenda popote. Ila sasa alikuwa ameshausema kwa mdomo wake, na ulikuwa hauwezi tena kumtuma kila unapotaka.

Nyumbani mkewe alimpikia, akamfulia, akamjibu alichouliza na si zaidi. Hospitali ilipopiga simu, alizungumza akiwa amempa mgongo.

Siku moja kabla ya kipimo, alasiri, Fundi alirudi mapema, akavuta kigoda akaketi karibu na cherehani. Mke alikuwa anamalizia sare za darasa zima. Alishona, akakata uzi kwa meno, akashona, akakata. Fundi alimtazama kama alivyotazama vizimba kwa miaka kumi na tisa. Kipande cha uzi kiliingia mdomoni. Taya lilikuwa linacheza polepole. Alingoja kitoke. Hakikutoka. Akaona koo likimeza.

"Umeambiwa mwisho wa kula ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa mbili usiku. Maji tu baada ya hapo. Najua."

"Na uzi?"

Mkono wa mke ukasimama kwenye gurudumu la cherehani. "Uzi gani?"

"Unaoutafuna. Unaumeza."

Mke aligusa midomo yake, akatazama vidole kana kwamba si vyake. Kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Miaka ishirini na mbili nakata uzi kwa meno mbele yako. Panya usiku mmoja tu, ukajua anatafuna nini."

Fundi akasogeza kigoda karibu zaidi.

"Kesho yeye ndiye atakayekaa nami zile saa nne," mke akasema. "Nimemwomba mwenyewe. Wewe utakaa nje."

"Nitakaa nje," Fundi akasema. Ilimuuma, na akaiacha imuume. Kulikuwa na kipande kingine mdomoni mwa mkewe, alikiona kinasogea shavuni. Akanyoosha mkono, akafungua kiganja chini ya kidevu chake, akangoja.

Mke alikitazama kiganja. Kisha akainama, akautema uzi kiganjani.